Mafundi wa Kwanza wa Umeme wa Jua

Ndugu mkulima, ukiona sola juu ya bati la jirani yako, fahamu kwamba kazi hiyo ilipata nguvu shuleni. Mwaka 1984 Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, huko Meru, ilitaka kununua jenereta ya dizeli. Bwana Mark Hankins, mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, na Bwana Harold Burris, mhandisi, waliishawishi halmashauri ya shule ichukue umeme wa jua.

Taa zikawaka. Lakini kubwa zaidi, kwa maoni yangu, waliwafundisha vijana wa kule kufunga mitambo hiyo kwa mikono yao wenyewe. Kampuni ya Bwana Burris iliitwa Solar Shamba, jina la kumfaa mkulima!

Huku kwetu Homa Bay, kati ya 2013 na 2015, nyumba za kisiwa cha Rusinga zilifungiwa sola za kuwasha taa na kuendesha mitego ya mbu.

Je, kijana wako amemaliza shule na bado yuko nyumbani? Aulizie mafunzo ya sola katika chuo cha ufundi. Nawe ukimwita fundi, Migori au popote, kumbuka kuwa tangu 2012 kanuni zataka awe na leseni. Akuonyeshe kabla hajapanda paa.