Fedha za Mvuvi wa Mashindano Zinatoka Mfukoni mwa Nani?

Mwezi Machi 2025, kijana wa miaka 22 kutoka jimbo la Minnesota, Easton Fothergill, alishinda Bassmaster Classic, shindano lenye heshima kuliko yote katika uvuvi wa bass nchini Marekani. Kwa siku tatu katika Ziwa Ray Roberts, Texas, alipima samaki 15 wenye jumla ya ratili 76 na aunsi 15, akakabidhiwa dola 300,000. Kijana anayeitazama video ya ushindi huo kwenye simu huiona hesabu kuwa nyepesi: siku tatu majini, mapato ya miaka kadhaa. Nataka tuipige upya hesabu hiyo, taratibu, kwa sababu kabla hundi kama ile haijaandikwa, watu wengi huwa wamelipa kwanza.

Bass ni samaki wa maji baridi. Wakenya wa Naivasha wanamfahamu, maana aliletwa ziwani kwao kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya wapenzi wa kuvua kwa ndoano, na tangu hapo amekuwa akiliwa na kuuzwa. Katika mashindano ya Marekani haliwi wala hauzwi. Mvuvi anaruhusiwa kupima samaki watano kwa siku, huwahifadhi hai ndani ya tangi la boti, huwapeleka kwenye mizani, kisha wanarudishwa majini. Utaratibu huo wa kuwarudisha ulianza mwaka 1972. Kwa hiyo samaki mwenyewe hamwingizii mtu hata senti. Hakuna dalali, hakuna mnada, hakuna kilo. Fedha lazima zitoke kwingine.

Zilikotoka tangu mwanzo hakujafichwa. Mwaka 1967 Ray Scott, wakala wa bima kutoka Montgomery, Alabama, aliitisha shindano katika Ziwa Beaver huko Arkansas. Wavuvi 106 waliitika, kila mmoja akatoa dola 100. Mshindi, Stan Sloan wa Tennessee, aliondoka na dola 2,000 pamoja na safari ya kwenda Acapulco, Mexico. Ukizidisha 106 kwa 100 unapata dola 10,600, na hapo umeshaielewa nusu ya biashara hii. Mwaka uliofuata Scott aliunda B.A.S.S., chama cha wavuvi chenye jarida lake. Mwaka 1971 akaandaa Classic ya kwanza katika Ziwa Mead, Nevada, ambako Bobby Murray alichukua dola 10,000 zote na waliobaki wakarudi mikono mitupu.

Anayecheza upatu ataona kufanana hapa. Watu wanachanga, kapu linajaa, mmoja anabeba. Ila katika upatu zamu yako itafika, iwe mwezi huu au mwezi wa kumi. Katika mashindano ya uvuvi zamu haipangwi. Unaweza kuchanga miaka mitano usiguse kapu, na hakuna mtu wa kumlalamikia, kwa kuwa masharti uliyasoma na kuyatia saini.

Tuchukue ngazi ya juu, Bassmaster Elite Series, iliyoanza mwaka 2006. Msimu una mashindano kama tisa, kila moja likiwa na wavuvi wapatao mia moja, na mshindi wa kila shindano hupata dola 100,000. Ada ya kushiriki ni takriban dola 5,000 kwa shindano. Maana yake ni kwamba kabla mvuvi hajafunga ndoano ya kwanza ya msimu, ameshajifunga kulipa dola 45,000 hivi. Wavuvi mia wakilipa dola 5,000 kila mmoja, zinakusanywa dola nusu milioni kwa shindano moja. Wadhamini huongeza chao, na waandaaji wana gharama zao za kurusha matangazo, kulipa wafanyakazi na kuhamisha majukwaa. Lakini msingi wa kapu ni mifuko ya wavuvi wenyewe.

Ada ni mwanzo tu. Mashindano hufanyika katika majimbo mbalimbali, leo Florida, mwezi ujao Texas, baadaye New York kwenye Mto St. Lawrence. Mvuvi huendesha gari kubwa akivuta boti kwenye trela kwa maelfu ya kilomita. Hufika mapema, kwa sababu kabla ya shindano kuna siku za mazoezi ya kusoma maji, na siku hizo anakula, analala na kuchoma mafuta bila kipato chochote. Boti yenyewe ina urefu wa futi 20 au 21 na injini ya farasi 250, ambacho ndicho kikomo kinachoruhusiwa. Injini hiyo ikikimbizwa kwa kasi yote inaweza kunywa zaidi ya lita 80 za petroli kwa saa moja. Boti mpya yenye vifaa vyote huuzwa kati ya dola 80,000 na 120,000. Kuna bima ya boti, bima ya gari, matairi ya trela, fimbo kumi au ishirini, mishipi, na chambo bandia za kila rangi na umbo.

Sasa tumwangalie mvuvi wa wastani, ambaye simtaji kwa kuwa ni mfano tu. Ada dola 45,000. Safari tisa, kila moja tuseme dola 3,000 za mafuta, malazi na chakula, ni 27,000. Vifaa, matengenezo, bima na thamani ya boti inayoshuka kila mwaka, tuviwekee 18,000. Jumla ni dola 90,000. Msimu wake si mbaya. Katika mashindano tisa anaingia kwenye orodha ya malipo mara nne, kila mara akipata dola 10,000. Amepata 40,000. Mtu huyu hakuvua vibaya, jina lake limetangazwa jukwaani, watoto wamepiga naye picha, na amepoteza dola 50,000 kabla hajanunua chakula cha nyumbani kwake.

Wengine husema tuwatazame waliofika kileleni. Haya. Kevin VanDam wa Michigan ndiye mvuvi ambaye wengi humhesabu kuwa bora kupita wote. Alitwaa Classic mara nne, miaka ya 2001, 2005, 2010 na 2011, na taji la mvuvi bora wa mwaka wa Bassmaster mara saba. Alistaafu mashindano ya ligi mwaka 2023, baada ya kazi ya zaidi ya miaka thelathini, akiwa amejikusanyia zawadi zinazozidi dola milioni 7. Zigawe kwa miaka hiyo. Unapata dola laki mbili na kitu kwa mwaka, kabla ya ada, mafuta na kodi. Hiyo ni fedha nzuri, sina ubishi. Lakini ndiyo ya bora kuliko wote, na mwanasheria wa kawaida katika jiji kubwa la Marekani anaweza kuipata bila kuchanga senti ya kuingia kazini. Kama dari ya nyumba iko pale, fikiria walio sakafuni.

Ndiyo maana wanaoielewa kazi hii wanasema mapema kabisa kwamba zawadi hazimlishi mtu. Kinachomlisha ni udhamini, na hapa ndipo vijana hupotoka zaidi, kwa sababu neno hilo linafunika mambo mengi. Mdhamini wa kwanza wa mvuvi mchanga kwa kawaida hampi fedha. Humpa punguzo la bei. Kijana anayenunua chambo kwa nusu bei na kubandika nembo ya kampuni kifuani ni mteja mwaminifu aliyepewa fulana. Hatua ya pili ni kupewa bidhaa bure. Hatua ya tatu, ambayo wachache huifikia, ni mkataba wenye fedha taslimu.

Mkataba huo nao una kazi zake. Mvuvi husimama kwenye maonyesho ya biashara wakati wa baridi akizungumza na wateja siku nzima. Hutoa mafunzo dukani, hupiga video, hujibu maswali mtandaoni, na boti yake yote hufunikwa kwa rangi za mdhamini. Kampuni inanunua macho ya watu, na mizani ya samaki ni njia mojawapo tu ya kuyapata. Hivyo mvuvi aliyeshika nafasi ya 60 lakini anajua kuzungumza mbele ya kamera anaweza kuingiza zaidi ya yule wa nafasi ya 15 aliye mkimya. Wengine wanaiona hiyo dhuluma. Mimi naiona kuwa ndiyo kazi yenyewe, na ingekuwa haki kijana aambiwe hivyo kabla hajakopa.

Upo pia udhamini wa masharti. Mpango wa Toyota Bonus Bucks, kwa mfano, humlipa mvuvi aliyejisajili na anayemiliki gari la Toyota linalokubalika, iwapo yeye ndiye aliyeshika nafasi ya juu miongoni mwa waliojisajili. Kampuni za boti zina mipango ya namna hiyo. Ni fedha halali na zinasaidia, ila lazima kwanza uwe umenunua gari au boti.

Udhamini una hatari nyingine: hutegemea hali ya uchumi ambayo mvuvi haigusi. Mwaka 2007 Scott Suggs alijinyakulia dola milioni moja kwa kushinda Forrest Wood Cup katika Ziwa Ouachita, Arkansas, katika ligi ya FLW iliyoongozwa na tajiri Irwin Jacobs. Ilionekana kana kwamba mchezo umeingia zama mpya. Katikati ya 2008 bei ya petroli Marekani ilipita dola 4 kwa galoni, kisha mfumo wa fedha ukayumba, na watu wakaacha kununua boti. Juni 2009 Genmar, kampuni ya Jacobs iliyomiliki boti za Ranger, iliomba kinga ya ufilisi mahakamani. Baadaye zawadi ya mshindi wa kombe hilo ikashuka hadi chini ya milioni. Samaki wa Arkansas walikuwa walewale. Kilichobadilika kilikuwa mbali na ziwa.

Kodi nayo inataka nafasi yake. Mvuvi wa Marekani huhesabiwa kuwa mtu aliyejiajiri. Juu ya kodi ya kawaida ya mapato, faida yake hukatwa asilimia 15.3 kwa ajili ya hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni, kwa sababu hana mwajiri wa kumchangia nusu. Hana pensheni ya kazini, wala bima ya afya asiyojilipia. Gharama zake anaweza kuzitoa kwenye hesabu ya kodi iwapo uvuvi wake unatambuliwa kuwa biashara. Sheria humpa nafuu aliyepata faida katika miaka mitatu kati ya mitano: huchukuliwa kuwa mfanyabiashara. Asiyefikia hapo anaweza kutakiwa athibitishe kwamba hafanyi burudani, na akishindwa, haruhusiwi kutoa gharama hizo ingawa zawadi alizopata zinakatwa kodi. Kwa mvuvi wa mfano wetu aliyepata hasara ya 50,000, swali hilo lina uzito.

Tangu mwaka 2018 limeongezeka jambo jingine. Kampuni ya Garmin ilileta LiveScope, kifaa cha sona kinachomwonyesha mvuvi samaki walio mbele ya boti, akiwaona wakiisogelea chambo papo hapo. Kampuni nyingine zikafuata. Vijana waliokizoea wakaanza kuwashinda wakongwe, na boti zikajaa skrini kubwa, ambazo moja huweza kugharimu maelfu ya dola, pamoja na betri za kuziendesha. B.A.S.S. na ligi nyingine, Major League Fishing, zote mbili ziliweka mipaka ya matumizi yake kuanzia 2025. Mjadala mwingi umekuwa juu ya ustadi: je, huu bado ni uvuvi? Naona swali la fedha lilistahili kusikika zaidi. Kila kifaa kinachogeuka lazima kinapandisha bei ya mlango, na mtoto wa fundi anabaki nje huku mtoto wa mwenye kampuni akiingia.

Shinikizo hili lina matokeo. Septemba 2022, katika shindano la kuvua samaki aina ya walleye kwenye Ziwa Erie, huko Cleveland, Ohio, samaki wa washindi walipasuliwa mbele ya umati na ndani yao vikakutwa vipande vya madini ya risasi vya kuongeza uzito. Zawadi waliyokuwa wakiiwania ilikuwa chini kidogo ya dola 29,000. Wawili hao walikiri kosa mwaka uliofuata, wakafungwa siku kumi, na boti yao ikataifishwa. Boti hiyo ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola 100,000. Siwatetei hata kidogo. Lakini mchezo ambao chombo kina thamani zaidi ya mara tatu ya zawadi una kasoro katika hesabu zake.

Majaribio ya kubadili mfumo yapo. Major League Fishing ilipoanzisha Bass Pro Tour mwaka 2019, iliwaalika wavuvi 80 bila kuwatoza ada, ikiegemea wadhamini na televisheni. Wengi wa majina makubwa, VanDam akiwemo, walihamia huko. Mvuvi aliyeondolewa mzigo wa ada kwa msimu mmoja ameondolewa karibu nusu ya gharama zake, na hilo ni jambo kubwa kuliko kuongeza zawadi ya mshindi.

Wanaonihangaisha ni walio chini ya ngazi. Fothergill alitoka timu ya uvuvi ya Chuo Kikuu cha Montevallo, Alabama, akapitia mashindano ya Bassmaster Opens, ambako wavuvi wapatao 200 hugombea kila shindano kwa ada inayokaribia dola 2,000. Leo shule za sekondari na vyuo vingi Marekani vina timu za bass, na wazazi hununua boti ili watoto wao washiriki. Kijana mmoja akifika Classic, mamia hawafiki, na wengi wao hubaki na mkopo wa boti wakiwa na miaka 25. Waandaaji wanajua takwimu hizi kuliko mtu yeyote. Wanajua ni wavuvi wangapi walimaliza msimu wakiwa wamepata zaidi ya walichotoa. Waichapishe idadi hiyo kila mwaka, ukurasa uleule wanaotangaza zawadi, na makocha waisome na wazazi kabla boti ya kwanza haijanunuliwa.