Kabla ya tingatinga kufika Kaloleni: Maswali ya kuuliza kuhusu nyumba mpya

KWA miaka mingi wakazi wa mitaa ya zamani ya Eastlands, Nairobi, wamekuwa wakielezwa kwamba nyumba zao zitabomolewa ili kupisha majumba ya orofa nyingi. Pangani tayari imebadilika sura. Kwingine watu wanasubiri, huku kila ramani mpya ikizua minong'ono.

Haja ya nyumba haina mjadala. Ardhi iliyo karibu hivyo na katikati ya jiji haiwezi kubaki na nyumba za chini pekee, tena zenye mabomba ya majitaka yaliyotandazwa enzi za ukoloni. Linalostahili kujadiliwa ni kitakachojengwa, kitakachoachwa na kitakachofutwa.

Kaloleni ni mfano mwema. Mtaa huo ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa mchoro wa A. J. S. Hutton, aliyefuata fikra ya miji ya bustani iliyoenezwa na Mwingereza Ebenezer Howard kuanzia 1898. Kabla ya hapo, Mwafrika aliyefanya kazi Nairobi alihesabiwa kuwa mpita njia, na makao yake mara nyingi yalikuwa kitanda katika chumba cha wanaume kadhaa. Kaloleni ilikusudiwa mtu aishi na mkewe na watoto. Nyumba zake za mawe na vigae zilipangwa kuzunguka viwanja vya nyasi, na katikati likawekwa jumba la mikutano. Humo ndimo wanasiasa wa kupigania uhuru walimokutana, hata wenyeji wakalilinganisha na bunge la Uingereza.

Kwa hivyo mstawishaji akisema kuwa atahifadhi historia kwa kuliacha jumba hilo, asikubaliwe upesi. Jumba moja lililozingirwa na majengo ya orofa ishirini ni sanduku tu. Turathi ya Kaloleni ni mpango wenyewe: mlango unaotazama nyasi, na nyasi zinazotazamwa na majirani wote. Ni kweli kwamba viwanja vingi vimevamiwa na vibanda vya mabati, kwa sababu familia zilipanuka na nyumba hazikupanuka. Lakini mchoro wa asili ungali unasomeka, na sehemu yake, hata kama ni safu chache na uwanja mmoja, inaweza kurekebishwa na kuachwa watu waendelee kuishi ndani yake.

Suala la bustani lina mtego wake. Michoro huja na asilimia ya 'eneo la wazi', na ukiichunguza unakuta humo mmejumlishwa maegesho ya magari, barabara za ndani na vijia vya lami. Pima kwa idadi ya wakazi badala ya ukubwa wa ploti. Ekari mbili zikitumiwa na familia 500, kila moja ina takriban mita 16 za mraba. Familia zikiwa 5,000, kila moja inabaki na mita moja na nusu hivi, yaani nafasi ya mkeka. Uliza pia kama majengo marefu yataifunika bustani kwa kivuli mchana kutwa. Zaidi ya yote, uliza kama ardhi yake itatengwa kisheria kwa matumizi ya umma au itabaki ndani ya hatimiliki ya mstawishaji.

Swali hili la mwisho Nairobi inalijua vyema. Mnamo 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga jumba la orofa 60 lililonuiwa kujengwa Uhuru Park, na mradi ukafa. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Jeevanjee Gardens, iliyotolewa kwa umma 1906. Huko walitaka kujenga maegesho ya magari. Yote mawili yaliokolewa na raia waliokataa kunyamaza.

Kuhusu wapangaji, ahadi ya mdomo haitoshi. Wengi wao hulipa kodi ya chini na hawana hati yoyote ya umiliki, ilhali nyumba mpya huuzwa. Ni nani atakayerejea, kwa bei gani, na ataishi wapi wakati wa ujenzi? Katika kesi ya wapangaji wa Muthurwa, Mahakama Kuu iliamua 2013 kwamba haki zao zilikiukwa walipofurushwa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinatambua haki ya makao yanayofaa.

Je, mwananchi aseme wapi? Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, hakuna ustawishaji unaoruhusiwa bila kibali cha kaunti, na anayekiomba anapaswa kuuarifu umma. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uwiano ya kaunti, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Muda huo ni mfupi mno kwa mtu anayesikia habari hizo kituo cha matatu.

Upande wa mazingira, kanuni za 2003 ziliagiza kwamba uchunguzi kamili wa athari za mradi utangazwe kwa mabango, gazetini na redioni, na ufanyiwe angalau mikutano mitatu ya hadhara. Leseni ya NEMA inaweza kupingwa mbele ya jopo la rufaa za mazingira katika siku 60.

Majengo ya kihistoria yana mlango wake: Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inamruhusu waziri kutangaza jengo au eneo kuwa la kulindwa. Ombi hilo lafaa kupelekwa Makavazi ya Kitaifa mapema, kibali kikiwa hakijatolewa, likiambatishwa picha, michoro ya zamani na maelezo ya wazee waliozaliwa mtaani humo.