Chuo cha Mlimani Kilianzia Mtaa wa Lumumba

Mzazi wa Kariakoo anayesubiri matokeo ya kidato cha sita, ambayo Baraza la Mitihani la Tanzania hutangaza aghalabu mwezi Julai, huwa na majina mawili tu kichwani: Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Muhimbili, chuo kikuu cha afya kilichopo Upanga. Aliyesomesha mtoto kwa faida ya vitenge vya Mtaa wa Kongo hawezi kulaumiwa kwa kutaka jina ambalo jirani wa duka la pili atalitambua bila kuelezwa, ila jina hilo halimwambii namna nafasi zinavyogawanywa.

Mkanganyiko huanzia kwenye pointi, kwa sababu zipo hesabu mbili zinazokwenda kinyume. Baraza la Mitihani huhesabu A kuwa pointi 1, B 2 na C 3, hivyo pointi zikiwa chache ufaulu ni mkubwa, na mwenye pointi 3 hadi 9 katika masomo matatu ya tahasusi yake, yaani mchepuo aliousoma, hupata daraja la kwanza. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inayosimamia vigezo vya kujiunga, huhesabu A kuwa 5, B 4 na C 3, hivyo kwake pointi nyingi ndizo bora. Kijana wa Fizikia, Kemia na Baiolojia mwenye C tatu ana pointi 9 kwa hesabu zote mbili: kwa Baraza ana “wani ya tisa”, na nyumbani pilau hupikwa, lakini kwenye udahili ana 9 kati ya 15, naye hushindania viti vichache vya udaktari na wenzake wenye 13 na 14. Akiachwa, mzazi hudhani pamefanyika hila, ilhali ufaulu wa mtoto ni mzuri na kilichomwangusha ni wingi wa waliomzidi.

Kigezo cha chini cha shahada kwa jumla ni ufaulu wa masomo mawili wenye pointi 4 kwa hesabu ya Tume, kwa hiyo kijana huyo ana milango mingi, na baadhi yake iko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka sokoni Kariakoo. Taasisi ya Teknolojia na Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichoanzishwa mwaka 1965, vipo kando ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Chuo cha Usimamizi wa Fedha kipo Mtaa wa Shaaban Robert. Chuo cha Bahari kipo karibu na bandari yenyewe. Ni ajabu kidogo kwamba mfanyabiashara ambaye kila mzigo wake hupita mikononi mwa wakala wa forodha huona aibu mwanawe akichaguliwa kusoma forodha na kodi katika Chuo cha Kodi. Hata stashahada si mwisho wa safari, kwani wastani wa alama (GPA) wa 3.0 humwezesha mhitimu wake kuomba shahada.

Umaarufu nao una historia yake. Mwaka 1961 Mlimani haikuwa mlimani: chuo kilianza na wanafunzi 13 wa sheria katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, pembeni mwa Kariakoo, na kikahamia kilimani mwaka 1964. Wazazi wa wanafunzi hao hawakuwa na jina kubwa la kujivunia, walikuwa na kozi tu.

Tangu mwaka 2017 mwombaji wa shahada huomba moja kwa moja chuoni, katika vipindi vinavyoitwa madirisha, na anaweza kuchaguliwa na zaidi ya chuo kimoja. Wa namna hiyo hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa kwenye simu. Kwa hiyo mzazi anayemzuia mwanawe kuthibitisha, akingoja Mlimani ijibu katika dirisha lijalo, na akubali kwanza kuulizwa swali moja: kozi hiyo anaitaka nani?