Vito vya Handeni na Korogwe (3): Weusi wa Kuchovya

Makala mbili zilizotangulia zilihusu vinavyotoka ardhini mwetu: ganeti, safaya na tomalini za Kalalani, wilayani Korogwe, na dhahabu ya Magambazi, Handeni. Leo tunageukia kitu kisichochimbwa mkoani Tanga ila kinazidi kuonekana kwenye vidole na masikio ya watu wake, yaani pete na hereni nyeusi tii zenye mng'aro. Muuzaji ukimuuliza ni madini gani, huenda akakujibu ni "dhahabu nyeusi". Hakuna mgodi wa dhahabu nyeusi, Magambazi wala kwingineko. Kilichopo ni dhahabu ya kawaida, au mara nyingi zaidi fedha, na pengine shaba tupu, iliyochovywa rodiamu nyeusi.

Rodiamu ni ndugu wa platinamu. Mwingereza William Hyde Wollaston aliitangaza London mwaka 1804, baada ya kuitenga kutoka kwenye mawe ya platinamu yaliyoletwa kutoka Amerika Kusini. Siku hizi sehemu kubwa ya rodiamu ya dunia hutoka Afrika Kusini, na wateja wake wakuu ni watengenezaji wa magari, wanaoitumia kusafisha moshi wa injini. Masonara wanapata makombo tu. Mwaka 2021 bei yake ilipita dola 29,000 kwa aunsi moja ya gramu 31, kisha ikaporomoka. Hadhi yake haikuanza hapo: mwaka 1979 wachapishaji wa kitabu cha rekodi cha Guinness walipotaka kumtunuku mwanamuziki Paul McCartney, waliona dhahabu na platinamu hazitoshi, wakampa santuri iliyopakwa rodiamu.

Sasa, rodiamu safi ni nyeupe. Ndiyo hiyo hiyo inayopakwa juu ya dhahabu nyeupe ili kuficha unjano uliobaki ndani yake. Weusi huletwa na kemikali zinazoongezwa kwenye maji ya kuchovyea, na ndiyo sababu mafundi wawili, kila mmoja na chupa yake, watakupa weusi tofauti: mmoja wa kijivu cha risasi, mwingine unaokaribia mkaa. Anayenunua hereni leo na pete yake mwezi ujao asishangae zisipofanana.

Kazi yenyewe ni ya umeme. Pete husuguliwa hadi ing'ae, ikaondolewa mafuta yote, ikasuuzwa, kisha ikaning'inizwa kwenye maji yenye tindikali ya salfa na chumvi ya rodiamu. Umeme mdogo, wa volti 2 hadi 3 hivi, hupitishwa, na rodiamu iliyoyeyuka hujibandika juu ya pete. Haichukui hata dakika chache. Kama pete ni ya fedha au shaba, fundi makini hutanguliza tabaka la paladiamu au nikeli, kwa sababu tindikali ile huila metali ya chini, nayo metali hiyo ikiingia kwenye maji huyaharibu. Nikeli ni nafuu kuliko paladiamu, lakini ngozi za watu wengi huikataa. Mtu anayewashwa na pete nyeusi mara nyingi hulaumu weusi, kumbe kinachomwasha kiko chini yake na kimeanza kujitokeza.

Tabaka hilo ni jembamba mno. Tuchukue maikroni 0.2, kiasi cha kawaida kwenye vito. Unywele wa kichwani una unene wa maikroni 70 hivi. Pete ndogo yenye eneo la sentimita za mraba 5, ndani na nje, itabeba takriban miligramu 1.2 za rodiamu. Hata kwa bei ile ya 2021, hiyo ni rodiamu ya dola moja na senti chache. Kwa hiyo mtu anayepandishiwa bei ya pete kwa kuambiwa ina madini ghali kuliko dhahabu anaambiwa ukweli usiomhusu. Anacholipia ni kazi ya fundi, na kazi hiyo itabidi alipie tena weusi ukichuja.

Kwa nini basi wabunifu wanaupenda? Kwa sababu ya jiwe. Dhahabu ya njano hutupia unjano kwenye jiwe lililo jirani yake. Metali nyeusi hairudishi mwanga mwingi, kwa hiyo jicho huona rangi ya jiwe peke yake, na vikucha vinavyolishika hupotea. Sonara JAR wa Paris amejijengea jina kwa kupanga vijiwe vidogo juu ya metali iliyotiwa weusi, hata visionekane vimeshikwa na nini. Fawaz Gruosi, aliyeanzisha nyumba ya vito ya de Grisogono mjini Geneva mwaka 1993, aliwazoesha matajiri almasi nyeusi, na metali nyeusi ikafuata nyayo.

Hapa ndipo Kalalani inapoingia. Safaya za bonde la Umba zinajulikana kwa mchanganyiko wa rangi: zambarau, chungwa, kijani kilichofifia, na nyingine hubadilika zikitolewa juani na kuwekwa chini ya taa. Nyingi zina ukijivu kidogo, na soko la safaya za bluu huzidharau kwa hilo. Zikizungukwa na weusi, ukijivu ule hauonekani kuwa kasoro. Ganeti ya waridi na ile ya rangi ya chungwa nazo hupendeza sana. Lakini ganeti nyekundu iliyokolea, ambayo ndiyo rahisi kupatikana kwa wachimbaji wadogo, sitamshauri mtu aitie weusi kwa nyuma. Jiwe lenye kiza linahitaji mwanga uingie na urudi; ukiliwekea kitako cheusi kilichozibwa, umenunua kipande cha mkaa. Sonara mwenye jicho huchovya uso wa pete tu, na ndani ya kitako akaacha metali ing'ae. Inasikitisha kwamba mawe mengi ya kwetu hukatwa na kupachikwa Bangkok au Jaipur, na uamuzi huo hufanywa na mtu asiyejua jiwe limetoka kilima gani.

Tuje kwenye utunzaji. Rodiamu nyeusi ni laini kuliko nyeupe, na adui yake mkuu ni msuguano. Hereni na kidani, visivyoguswaguswa, vinaweza kukaa miaka na weusi wake. Pete ya kila siku inaweza kuanza kuonyesha metali ya chini kwenye kingo ndani ya miezi. Anayeshika mpini wa jembe, anayesugua sufuria kwa majivu au stilwaya, na anayefua kwa mkono aivue kwanza. Klorini ya kuondolea madoa nayo si rafiki yake. Manukato yatangulie na kukauka ndipo kito kivaliwe, na usiku kilale kwenye kitambaa chake, mbali na bangili nyingine.

Kuosha kunataka maji ya uvuguvugu, sabuni laini na kitambaa cha pamba, basi. Dawa ya meno, magadi na ndimu, ambavyo bibi zetu walivitumia kurudisha mng'aro wa fedha, hapa vitakwangua au kushambulia kile kile ulichokilipia. Maji ya moto sana nayo yaepukwe, kwa kuwa ganeti inaweza kupasuka joto likibadilika ghafla.

Kabla ya kulipa, tazama mhuri ndani ya pete: 925 ni fedha, 585 na 750 ni dhahabu ya karati 14 na 18. Muulize muuzaji chini ya weusi kuna nini, na jibu lake liandikwe kwenye risiti. Ukitaka pete ipanuliwe, ujue moto wa kulehemu utaharibu weusi na itabidi ichovywe yote upya, kwani kiraka huonekana. Lulu na marijani zing'olewe kabla ya kuchovya, maana tindikali huzila. Na kwa bangili ya fedha iliyochongwa nakshi, mimi ningeacha rodiamu kabisa: kuna njia ya zamani ya kuipa fedha weusi kwa salfa, ambayo hubaki kwenye mashimo ya nakshi huku miinuko ikisuguliwa iwe myeupe. Ni nafuu, na haihitaji mashine ya umeme.

Mwenye pete ya dhahabu ya njano iliyochuja kingo pia hana ulazima wa kusafiri hadi Dar es Salaam kuichovya upya. Sonara yeyote wa Korogwe mwenye brashi ya kung'arishia anaweza kuuondoa weusi uliobaki akimsubirisha hapo hapo kibandani, na pete ikarudi kwenye unjano wake.