Fasili ya Neno Si Kisawe Chake: Funzo kutoka kwa Wachina Wanaojifunza Kiingereza

Wanafunzi wa China wana utani mmoja kuhusu vitabu vyao vya msamiati wa Kiingereza. Kwa kuwa maneno hupangwa kialfabeti, neno la mwanzo katika orodha nyingi ni 'abandon', yaani kuacha kabisa au kutelekeza. Mwanafunzi hufungua kitabu kwa ari, hukariri neno hilo, kisha hulitii: hukiacha kitabu palepale. Muhula unaofuata hukifungua tena, na neno analolijua kuliko yote huwa ni lilelile.

Utani huu unachekesha, lakini unatuhusu. Sisi tunaofundisha Kiswahili nje ya Tanzania na Kenya tuna orodha zetu za msamiati, na wanafunzi wetu huzikariri kwa namna hiyohiyo. Makala hii inakusudia kueleza matatizo yanayompata Mchina anapofasiriwa maneno ya Kiingereza, jinsi watunga kamusi walivyojaribu kuyatatua, na jambo ambalo idara yetu inaweza kujifunza kutokana na safari hiyo.

Orodha ya safu mbili

Nchini China, Kiingereza ni miongoni mwa masomo ya mtihani wa kuingia vyuo vikuu, unaoitwa gaokao. Mwanafunzi akishafika chuoni hukutana na mtihani mwingine wa Kiingereza wenye ngazi ya nne na ya sita. Ule wa ngazi ya nne ulianza mwaka 1987. Mitihani hii yote huambatana na orodha za maelfu ya maneno ambayo mtahiniwa anatarajiwa kuyajua, kwa hiyo kukariri maneno imekuwa kazi yenye jina lake. Kwa Kichina huitwa bei danci. Alama inayoandikwa kwa neno bei, yaani kukariri, ndiyo hiyohiyo inayoandikwa kwa neno mgongo: mtu hukipa kitabu mgongo na kuyasema yaliyomo bila kuangalia.

Orodha yenyewe huwa na safu mbili. Kushoto kuna neno la Kiingereza, kulia kuna neno la Kichina. Tusiibeze njia hii. Ni ya haraka, haina gharama kubwa, na anayeanza lugha ya kigeni hana budi kushika pa kuanzia. Taabu ni kwamba maneno mawili ya lugha mbili hukutana mahali pamoja tu, kisha kila moja hushika njia yake. Orodha humwonyesha mwanafunzi pale yanapokutana, wala haimwambii yanapoachana.

Maneno yanapoachana

Mahali pa kwanza ni katika upana wa maana. Kichina kina kitenzi jie ambacho hutumika kwa anayetoa kitu kwa muda na kwa anayekipokea. Kiingereza hutenganisha: anayetoa hufanya 'lend', anayepokea hufanya 'borrow'. Mchina aliyeandikiwa kwamba maneno yote mawili ni jie, huomba kalamu kwa kitenzi kisichofaa. Sisi tusimcheke, kwa maana kitenzi chetu 'azima' nacho hufanya kazi zote mbili: "Niazime kalamu" na "Nimeazima kalamu kwa Juma". Hali kadhalika, kitenzi kan hutumika kwa kuangalia, kutazama televisheni, kusoma kitabu na hata kwenda kumwona daktari. Kitenzi kai hufungua mlango, huwasha taa na huendesha gari. Ndiyo maana mwanafunzi Mchina husema kwa Kiingereza kwamba "anafungua taa", na huona amesema sawasawa.

Mahali pa pili ni katika maneno yanayoandamana. Mwingereza "huchukua" dawa, Mchina "hula" dawa, na Mswahili "hunywa" dawa hata ikiwa ni tembe. Chai ambayo Mwingereza huiita nyeusi, Mchina huiita hongcha, yaani chai nyekundu. Mvua ambayo kwa Kiingereza ni "nzito", kwa Kichina ni "kubwa", kama ilivyo kwetu. Mwanafunzi anaweza kulijua kila neno peke yake, na bado akashindwa kuyaweka pamoja.

Mahali pa tatu ni katika hisia ambazo neno hubeba, na hapa ndipo penye hatari zaidi. Kwa Kichina, xuanchuan ni kueneza habari au ujumbe, liwe jambo la afya, la biashara au la chama. Kwa miaka mingi neno hili lilitafsiriwa kwa Kiingereza kuwa 'propaganda', ambalo masikioni mwa Mwingereza wa leo linanuka uongo. Katika miaka ya 1990 idara ya chama tawala cha China inayoshughulikia kazi hiyo ilibadili jina lake la Kiingereza ili kulikwepa neno hilo, ingawa jina la Kichina halikubadilika. Kiswahili kingewafaa zaidi, kwa kuwa tuna neno 'uenezi' ambalo vyama vya siasa hulitumia bila aibu. Mfano mwingine ni 'ambition'. Orodha nyingi humpa mwanafunzi neno yexin, ambalo neno kwa neno ni "moyo wa mwituni", na aghalabu humsema vibaya mtu mwenye uchu wa madaraka. Kwa Kiingereza, mwalimu akiandika katika barua kwamba mwanafunzi ni 'ambitious', mara nyingi anamsifu. Mchina aliyekariri safu mbili tu anaweza kudhani ametukanwa.

Mahali pa nne ni katika majina ya ukoo. Neno 'uncle' la Kiingereza humeza watu ambao Mchina hawezi kuwachanganya: bofu ni kaka mkubwa wa baba, shushu ni mdogo wake baba, na jiujiu ni ndugu wa kiume wa mama. Kuna na wengine, yaani waume wa shangazi na wa mama wadogo, wenye majina yao. Mwanafunzi akiona safu ya kulia imejaa majina matano mbele ya neno moja, huuliza Waingereza hujuaje ni nani anayezungumziwa. Swali lake ni la haki.

Watunga kamusi walivyohangaika

Tatizo hili ni la kale. Robert Morrison, mmisionari Mwingereza, alichapisha kamusi yake kubwa ya Kichina na Kiingereza huko Macau kati ya mwaka 1815 na 1823. Mwaka 1897 ilianzishwa mjini Shanghai kampuni ya uchapishaji ya Shangwu Yinshuguan, na mwaka uliofuata ilitoa kitabu cha Kiingereza chenye maelezo ya Kichina. Kitabu hicho kilipata wanunuzi wengi, jambo linaloonyesha kiu iliyokuwapo.

Hatua kubwa ilikuja kutoka nchi jirani ya Japani. A. S. Hornby, Mwingereza aliyekwenda kufundisha huko mwaka 1924, aliona kwamba kamusi za Waingereza hazikuandikwa kwa ajili ya mgeni. Yeye na wenzake walitunga kamusi iliyomweleza mwanafunzi neno lina maana gani na pia linavyotumika katika sentensi. Ilitoka Tokyo mwaka 1942, na Oxford ikaichapisha upya mwaka 1948. Kizazi cha kamusi hiyo kimewafikia Wachina kwa sura ya kamusi yenye fasili pacha: fasili ya Kiingereza chepesi hutangulia, kisha tafsiri ya Kichina hufuata, kisha mifano. Mwanafunzi hapotezi msaada wa lugha yake, wala haachiwi aamini kwamba lugha hizo mbili ni kitu kimoja.

Wengine waliongeza yao. Kamusi ya Longman ya mwaka 1978 ilijifunga kufasili maneno yake kwa kutumia takriban maneno 2000 mepesi, ili mwanafunzi asikutane na fasili ngumu kuliko neno lenyewe. Kamusi ya COBUILD ya mwaka 1987, iliyoongozwa na Profesa John Sinclair wa Birmingham, ilifasili kwa sentensi nzima. Kwa mtindo huo, kitenzi chetu 'kukopesha' kingeelezwa hivi: "Ukimkopesha mtu fedha, unampa azitumie kwa muda, ukitarajia azirudishe." Msomaji huona palepale nani anatoa, nani anapokea, na nini kinatarajiwa baadaye.

Na sisi je?

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha darasa la jioni la Kiswahili hapa Uganda. Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwapo kijana kutoka China. Kwa kuwa sijui Kichina, niliwapa wote orodha ya safu mbili ya Kiswahili na Kiingereza. Mbele ya 'uncle' niliandika 'mjomba', basi. Yule kijana akatunga insha kuhusu familia yake, akaeleza jinsi mjomba wake alivyowalea baada ya baba kufariki, akaja kukaa katika nyumba ya babu mzaa baba. Nilimsahihisha kwa wino mwekundu, nikidhani amechanganya babu. Aliponieleza kwa subira, nikatambua kwamba alikuwa akimzungumzia shushu, yaani baba mdogo. Kichina chake kilikuwa na tofauti hiyo, na Kiswahili changu kilikuwa nayo. Kiingereza tulichokiweka katikati ndicho kilichoimeza, na aliyekiweka hapo ni mimi.

Nilipowaangalia wanafunzi wengine darasani, niliona hasara ni kubwa zaidi. Wengi wao walikuwa Waganda, na Luganda ina neno 'kojja' kwa ndugu wa kiume wa mama na 'ssenga' kwa dada wa baba. Mjomba na shangazi walikuwa wamekwisha kuwajua tangu utotoni. Orodha yangu iliwapitisha kwa 'uncle' na 'aunt', ikawapokonya walichokuwa nacho.

Jambo hili lina uzito sasa kuliko zamani. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Wanafunzi wetu wanaokwenda mazoezi ya kufundisha hubeba orodha tunazowapa, na walimu wapya wataziandika ubaoni kwa miaka mingi. Kosa moja la orodha huzaa madarasa mazima.

Kwa hiyo napendekeza kwamba kila neno tunaloliingiza katika orodha zetu lijibu maswali manne. Lina maana gani kwa Kiswahili chepesi? Huandamana na maneno gani? Husemwa na nani, kwa nani, na kwa hisia gani? Linaachana wapi na neno la lugha ya mwanafunzi? Kwa mfano:

Mjomba: ndugu wa kiume wa mama. Ukimwita mtu mjomba, undugu wenu umepitia kwa mama. Ndugu wa kiume wa baba ni baba mkubwa akiwa amemzidi baba umri, au baba mdogo akiwa baba ndiye mkubwa. Pwani huitwa pia ami. Kwa Luganda ni kojja, na kwa Kichina ni jiujiu. Neno 'uncle' la Kiingereza ni pana mno, halitoshi kulifasili.

Ni kweli kwamba orodha ya namna hii huchukua nafasi na muda. Maneno 50 kwa juma yatapungua, pengine yabaki 15. Lakini mwanafunzi aliyekariri maneno 50 ya safu mbili atakuja kuyasahihisha mojamoja mbele za watu, kama yule anayeomba "kufungua" taa. Aliyepata 15 yaliyofasiliwa vizuri ataweza kuyatumia nyumbani, sokoni na kazini.

Nimeanza na majina ya ukoo na vitenzi vya kutoa na kupokea. Walimu wenzangu na wanafunzi wa mwaka wa tatu mnakaribishwa kuleta fasili za maneno ya chakula, afya na shule katika lugha zenu za nyumbani, ili orodha ya mwaka ujao iwe na mikono mingi zaidi ndani yake.