Maji Yamepita Wapi? Uchunguzi wa Motaboti Kuukuu kabla ya Kununuliwa

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, kuanzia Malindi hadi Mafia, zimo motaboti nyingi za faiba ambazo zimekwisha pita mikononi mwa wenyewe wawili, watatu au zaidi. Aghalabu ziliundwa ng'ambo kwa starehe ya tajiri mmoja. Leo zatakiwa zichukue watalii, wapiga mbizi au wavuvi wa mshipi. Nyingi huuzwa baada ya kukaa nangani miezi mingi bila ya matunzo, na bei yake huvutia. Mnunuzi hupanda, akaona magodoro yaliyochanika, rangi iliyobambuka, taa zisizowaka, na kutu penye nguzo za sitaha. Huyajumlisha hayo yote, akatoa katika bei anayotajiwa, akaona kwamba amepata.

Hesabu hiyo kwa kawaida si sahihi, wala si kwa sababu mnunuzi hajui kujumlisha. Vile vinavyoonekana kwanza ndivyo vilivyo rahisi kutengenezwa. Kinachomaliza chombo ni maji yaliyopenya mahali yasipopaswa kufika: ndani ya ngozi yake, baina ya madini yake, na ndani ya injini. Kwa hiyo mchunguzi aliye makini hana budi kuyafuata maji hayo yalikopita, naye atafanya vyema akianza chini.

Katika nchi nyingi chombo hakiwezi kutazamwa chini mpaka kipandishwe kwa winchi, na gharama yake si ndogo. Huku pwani maumbile yamerahisisha kazi. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa Mombasa na Dar es Salaam hupita mita 3. Chombo cha kadiri hupelekwa kwenye mchanga safi maji yanapojaa, hutiwa gadi pande zote mbili kama wafanyavyo wenye majahazi, na baada ya saa chache husimama kikavu. Mnunuzi hupata nafasi ya kutosha kukwangua majani na makombe yaliyoganda na kuutazama mkuku, usukani na rafadha kwa macho yake. Muuzaji anayekataa jambo hili jepesi amekwisha jibu swali moja.

Faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa utomvu wa poliesta. Watu wengi hudhani kuwa haipitishi maji hata kidogo. Kwa kweli hupitisha, ila polepole mno. Molekuli za maji hupenya tabaka la nje la rangi ngumu, zikakutana na kemikali zilizobaki ndani tangu chombo kilipoundwa, nazo zikayeyuka. Hapo hutokea ile nguvu ambayo wanafunzi wa biolojia waijua kwa jina la osmosisi: mmumunyo mzito wa ndani huzidi kuvuta maji ya nje, na shinikizo lake huinua uvimbe juu ya ngozi ya chombo. Uvimbe ukitobolewa hutoa majimaji yenye harufu kama ya siki. Joto huharakisha jambo hili, na bahari yetu ina joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi mwaka mzima. La ajabu kidogo ni kwamba maji baridi hudhuru zaidi kuliko maji ya chumvi, kwani tofauti ya uzito baina yake na mmumunyo wa ndani ni kubwa zaidi. Hivyo motaboti iliyotumika Ziwa Victoria huhitaji kutazamwa kwa makini zaidi kwa upande huu.

Hata hivyo, ugonjwa huu hutiwa chumvi katika mazungumzo. Vivimbe vichache vyenye ukubwa wa sarafu ni sababu ya kupunguza bei, si ya kukimbia, maana ni nadra chombo kuzama kwa ajili yake. Linalotisha ni nyuzi zenyewe kuachana tabaka kwa tabaka. Hilo hugunduliwa kwa kugonga: nyundo ndogo ya plastiki hupitishwa kila sentimita chache, na sikio husikiliza. Penye uzima hulia kwa mlio mkali na mfupi. Palipoachana huitika kwa sauti nzito, kama debe lenye nguo ndani.

Nyundo hiyo hiyo ipandishwe hadi sitaha. Hapa adui ni maji ya mvua. Sitaha nyingi huundwa kwa ngozi mbili nyembamba za faiba, na katikati yake huwekwa mbao nyepesi za balsa au plaiwudi ili kupata ugumu bila ya uzito. Kila nguzo iliyofungwa kwa skrubu ni tundu lililopita katika mbao hizo, na kizibo cha tundu kikichakaa, maji huingia yasitoke. Kuvu wa kuozesha mbao hustawi zaidi katika maji baridi kuliko ya bahari. Kwa hiyo chombo kinachooshwa na masika miaka kadhaa bila ya turubai chaweza kuoza juu huku chini yake kikiwa kizima. Sitaha inayobonyea kidogo chini ya mguu ni kazi ya miezi, na gharama yake hupita ile ya magodoro yote pamoja na taa zote.

Sasa yafuatwe madini. Vyuma viwili vya namna mbalimbali vikizamishwa katika maji ya chumvi na kuunganishwa, huwa betri, na kile kilicho dhaifu huliwa. Sir Humphry Davy, mwanakemia wa Uingereza, aliitumia kanuni hii mwaka 1824 alipopendekeza vipande vya zinki au chuma vifungwe kwenye mabamba ya shaba yaliyofunika manowari za nchi yake. Shaba ilisalimika, lakini kwa kuwa haikuyeyuka tena, sumu yake iliyokuwa ikifukuza majani na makombe ilikoma. Manowari zikaota bustani chini, zikawa nzito, na ikalazimu vikinga vile viondolewe. Leo vipande vya zinki hufungwa karibu na rafadha ili viliwe badala yake. Mnunuzi avitazame. Vikiwa vimeliwa nusu, vimefanya kazi yake. Vikiwa vimekwisha kabisa, kuna chuma kingine kilichoendelea kulipa deni hilo. Na vikiwa vizima kama vipya ilhali vimekaa majini mwaka, au vimepakwa rangi, havikuwa vikilinda chochote.

Mahali pa kuchungulia kwa taa ya mkononi ni kwenye koki zilizopenya ubavu chini ya mstari wa maji. Koki za shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, hupoteza zinki yake zikabaki na umbo lile lile, lakini rangi hugeuka kuwa ya waridi na nguvu hutoweka. Zikikwaruzwa kwa kisu hudhihirika. Koki ya namna hii yaweza kukatika kwa pigo la mguu. Kwa kanuni ya Torricelli, maji yaliyo kina cha sentimita 60 huingia kwa kasi ya mita 3.4 hivi kwa sekunde. Tundu la upana wa sentimita 5, hata likikadiriwa kwa uangalifu, huingiza lita 240 hivi kwa dakika. Tani nzima ya maji huwamo ngamani baada ya dakika 4 na kidogo. Pampu ndogo ya umeme yenye uwezo wa lita 2,000 kwa saa hutoa lita 33 tu kwa dakika, tena ikiwa inafanya kazi.

Kuhusu injini, mnunuzi afike asubuhi na mapema, na aiguse kwa kiganja kabla haijawashwa. Ikiwa imekwisha pata moto, kuna aliyetangulia kuiamsha kwa sababu. Injini ya dizeli haina cheche. Hubana hewa hata joto lake likapita nyuzi 500, na mafuta huwaka yenyewe. Pete za pistoni zikichakaa, hewa huvuja, joto halifikii kiwango, na injini husita kuwaka huku ikitoa moshi mweupe. Katika nchi za baridi wamiliki husingizia hali ya hewa. Mwambaoni, ambako hata alfajiri hewa ina uvuguvugu, udhuru huo haupo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa ya kutosha.

Hapa pia maji yana njia yake. Maji ya bahari huvutwa na kigurudumu cha mpira, hupoza injini, kisha hutiwa katika eksozi ili kupoza moshi. Pale maji yanapokutana na moshi, bomba huliwa kwa ndani bila ya kuonekana nje. Likitoboka, maji hudondoka kurudi kwenye silinda wakati injini imelala. Kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa, atakayewasha injini hiyo aweza kupinda fimbo ya pistoni kwa mzunguko mmoja. Ndiyo sababu injini iliyokaa kimya miezi sita huenda ikawa mbovu kuliko iliyofanya kazi kila siku. Bomba hilo lifunguliwe. Oili nayo itazamwe: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamekwisha ingia. Sampuli ikipimwa maabara, sodiamu hudokeza maji ya bahari, na chuma kingi huonyesha mlo wa silinda. Lakini oili iliyobadilishwa jana haisemi neno.

Nyaya zisisahauliwe. Kiungo kimoja kilichoingia chumvi, chenye ukinzani wa omu 0.2 tu, hunyang'anya volti 2 mkondo wa ampea 10 unapopita. Pampu ya volti 12 hubaki na 10, na wati 20 za joto hukusanyika mahali pamoja. Ikiwa injini ni ya petroli, joto hilo ni hatari zaidi, kwani mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hulala ngamani.

Bei ya haki hupatikana kwa kuchukua thamani ya chombo kizima cha aina ile ile, kutoa gharama za matengenezo pamoja na usafirishaji wa vipuri, kisha kutoa fungu la yale yasiyoweza kuonekana. Jibu likiwa sifuri au chini yake, chombo hicho hakifai hata kikitolewa bure. Hati za usajili nazo zihakikishwe kwa TASAC, kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini ya Zanzibar au kwa mamlaka ya Kenya, kwa kuwa madeni mengine ya baharini hukifuata chombo chenyewe, si yule aliyekopa.

Mwisho ni safari ya majaribio, nayo ifanywe baada ya chombo kukwanguliwa. Injini ipewe mafuta yote kwa nusu saa. Ikiwa imeandikiwa mizunguko 2,800 kwa dakika nayo yagota kwenye 2,300, lawama haiwezi tena kuwa ya makombe. Ni rafadha isiyolingana nayo au injini iliyochoka. Kipimajoto kikipanda na kutulia, ni vyema. Kikizidi kupanda kidogo kidogo, njia za maji zimeziba. Ngama ikaushwe kwa kitambaa kabla ya kung'oa nanga, na baada ya kurudi ifunguliwe tena, taa ishushwe, na maji yatakayokutwa humo yaonjwe kwa ncha ya ulimi ili ijulikane kama ni ya chumvi au ya tangi.