Mipira Mia Tano Haiuzwi kwa Siku Moja

Kitengela imejaa nyumba zilizojengwa kwa fedha za ng'ambo. Mwenyewe alinunua ploti akiwa Dallas au Minneapolis, nyumba ikainuka polepole, na siku ya kurudi kontena likafuata. Tuseme ndani ya kontena hilo, nyuma ya friji na vitanda, yamo masanduku ya mipira ya besiboli iliyotiwa saini na wachezaji: mia tano hivi, matunda ya miaka mingi ya kuishi Marekani. Mwenye mali akifariki, au karo ikibana, warithi watauliza mipira hiyo inauzwaje. Wengi watatafuta mnunuzi mmoja aibebe yote. Hapo ndipo pesa nyingi inapopotea, na mfugaji wa Kajiado anaijua sababu.

Ukishusha ng'ombe mia moja soko la Bisil siku moja, dalali anajua kwamba una shida. Hatauliza yupi ana maziwa na yupi ni dume la mbegu. Atakadiria kundi zima kwa macho na kukutajia bei ya chini. Si lazima awe mwizi. Yeye ndiye atakayewalisha, kuwasafirisha na kungoja wateja, na gharama hiyo anaikata kwako mapema. Mipira nayo ndivyo ilivyo. Wanaotaka saini ya mchezaji fulani ni wachache, na mipira kumi ya jina moja ikiingia mnada mmoja, inashushiana bei yenyewe kwa yenyewe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchambua. Katika mkusanyo wowote mkubwa, majina machache hubeba sehemu kubwa ya thamani. Hayo huuzwa moja moja, kwa kuachana miezi, katika nyumba za mnada za Marekani, kwa sababu wanaoyatamani wako huko. Yanayofuata hupangwa mafungu kwa timu au kwa mwaka. Mabaki ndiyo anayopewa mfanyabiashara wa jumla, na kwa hayo bei yake ya chini haina ubaya.

Lakini hata jina kubwa halina thamani bila ushahidi. Mwaka 1998 mchezaji wa besiboli Mark McGwire alipokuwa akiikimbilia rekodi ya mipigo ya home run, waandalizi wa ligi waliitia mipira aliyorushiwa alama za siri zisizoonekana kwa macho. Mpira wa mpigo wake wa 70 uliuzwa mwaka uliofuata kwa takriban dola milioni tatu. Uondolee alama ile na unabaki ngozi nyeupe yenye mishono 108, sawa na mwingine wowote. Na kwenye saini udanganyifu ni rahisi zaidi, kwa kuwa kalamu kila mtu anayo. Tony Gwynn, mchezaji wa San Diego, alizikuta saini zake za bandia zikiuzwa katika duka la timu yake mwenyewe. Wapelelezi wa FBI waliuvunja mtandao wa waghushi wa saini katika operesheni iliyotangazwa mwaka 2000, na mwaka 2001 ligi ikaanza kumweka shahidi anayeona saini ikitiwa kabla ya mpira kubandikwa namba.

Sisi huku tunalijua jeraha hilo kupitia mchoraji Edward Saidi Tingatinga. Alichora akiwa Dar es Salaam kwa miaka michache tu, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi alipouawa mwaka 1972, lakini picha zenye jina lake zimeenea kuliko ambavyo mkono wake ungeweza kutoa. Kila picha ya bandia inaitia shaka ile ya kweli.

Ndiyo maana kabla ya kutafuta mnunuzi, fungua daftari. Andika kila mpira: nani alitia saini, wapi, lini, mbele ya nani. Risiti, tiketi ya mchezo, picha ya mchezaji akiwa na kalamu mkononi, vyote viwekwe pamoja na mpira wake. Mwenyewe akiwa hai, muulize sasa. Mengi ya hayo yako kichwani mwake tu. Kisha ushike mpira kwa uangalifu. Saini inayopendwa zaidi ni ile iliyo peke yake pale mishono miwili inapokaribiana, kwa wino wa kalamu ya kawaida ya bluu, kwa sababu wino wa maka hutambaa ndani ya ngozi miaka ikipita. Jua la dirishani hufifisha wino na jasho la vidole huacha madoa. Vumbi la Kitengela lisisuguliwe kwa kitambaa chenye maji; unaweza kufuta vumbi na jina pamoja.

Wapo wasiotaka mkusanyo utawanyike, na nia hiyo naiheshimu. Joseph Murumbi, mwana wa mama Mmaasai na baba Mgoa, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, alikusanya vitabu, nyaraka, stampu na sanaa za Afrika kwa wingi wa ajabu. Alikataa wanunuzi wa nje, na katika miaka ya 1970 akaiuzia serikali kwa bei nafuu, akitarajia nyumba yake ya Muthaiga igeuzwe taasisi ya masomo ya Afrika. Taasisi haikuanzishwa, na nyumba ikabomolewa. Vitu vyenyewe vilinusurika: vingi viko Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, na yeyote anaweza kuingia ghorofa ya chini kuviona. Kwangu hilo ni ushindi wa kweli, lakini ni nusu ya alichokitarajia alipouza.

Anayeuza kwa masharti, basi, ayaweke ndani ya mkataba pamoja na tarehe ya kutimizwa, jina la atakayelipia utunzaji, na kifungu kinachowarudishia warithi mali tarehe hiyo ikipita bure. Mnunuzi akikataa kifungu hicho, bei nafuu nayo iondolewe mezani.